Wamekufa Kwenye Kisahani

"Daktari, wamefika wengine ishirini getini," mlinzi aliniambia. "Wanataka ile dawa ya redioni."

"Mimi sitibu watu. Waambie dawa hakuna."

"Nimewaambia mpaka koo limekauka. Wanasema mumeo ndiye aliyetangaza."

Ningebisha nini? Ni kweli.

Mume wangu ana kipindi redioni, anaeleza utafiti wa magonjwa kwa lugha nyepesi. Mimi nachunguza bakteria hapa maabara. Tangu tuoane mpango wetu ni mmoja: yeye anaandika, mimi nasoma, ndipo anatangaza. Wiki hii alinikuta nimelala na viatu miguuni kwa uchovu, akanionea huruma, hakuniamsha. Huruma yake ndiyo imeniponza. Aliwatangazia watu kwamba virusi vyetu vinavyoua bakteria vimeponya vidonda sugu. Havijaponya hata mtu mmoja. Vimeua bakteria kwenye kisahani cha maabara, basi.

Nikatoka getini. Mama mmoja alikuwa ameketi chini, mguu umefungwa bendeji.

"Mwanangu, dawa za hospitali nimeziacha, leo siku ya nne. Nasubiri hii yenu."

"Mama yangu, haipo. Bado tunatafiti. Rudi hospitali leo hii, tafadhali."

"Kwa hiyo yule baba alitudanganya?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwomba dereva wetu amfikishe hospitali, kisha nikamwandikia mume wangu ujumbe: "Leo silali nyumbani. Naenda kwa dada."

Simu ikaita papo hapo.

"Mke wangu, nisamehe."

"Usiniombe mimi msamaha. Kuna watu wameacha dawa kwa ajili ya sauti yako."

"Nikikanusha, bosi atanitimua. Kipindi ndiyo kwanza kimevuma! Ngoja wiki ipite, nitalainisha maneno."

"Huyu mama niliyemwona hana wiki ya kusubiri."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Nimechoka, baba. Ukweli ukikushinda, na mimi nitakushinda."

Nikakata. Nikaenda nyumbani, nikajaza begi, nikarudi kazini nalo. Saa kumi, wakati wa kipindi chake, mlinzi aliniita kwa kelele huku akiongeza sauti ya redio.

"...nilisema dawa imepatikana. Si kweli. Bakteria wamekufa kwenye kisahani, si mwilini mwa mtu. Kazi iliyobaki ni ya miaka, na huenda isifanikiwe. Kama uliacha dawa kwa sababu yangu, rudi hospitali leo. Watafiti hawakukosea. Nimekosea mimi, kwa kiherehere changu, na..."

Ukaingia muziki.

"Wamemkata," mlinzi alisema. "Huyo kazi hana tena."

Nusu saa baadaye mume wangu alikuwa getini, jasho linamtoka, akiwaendea watu mmoja mmoja.

"Wewe ndiye yule wa redioni?"

"Ndiye mimi, mzee. Nilikosea. Endelea na dawa zako."

Mzee akamporomoshea matusi. Mume wangu akayapokea, akahamia kwa mwingine. Nilimtazama mpaka wa mwisho alipoondoka. Nilimpenda, na nilitamani kumzaba kibao.

"Wamenifukuza," aliniambia.

"Nimesikia."

"Bado unaenda kwa dada?"

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Hata kesho nitakuwa nazo. Hata wiki ijayo."

"Sawa," alisema. "Ila kuwa nazo nyumbani."

Nikampa begi alibebe.