Kiti Nyuma ya Nguzo

Jumamosi, saa nne ya asubuhi, ukungu ulikuwa haujaondoka juu ya Butembo. Mbele ya dirisha la tiketi la ukumbi wa parokia, Jéthro, mwalimu wa Kifaransa kutoka Beni, aliutazama mchoro wa viti uliobandikwa ukutani. Kando yake alisimama mpenzi wake Rébecca, muuza vitenge. Jumamosi iliyofuata kwaya ya mji ingeimba opera ya zamani ya Kifaransa. Rébecca alikuwa ametoka kumwambia kwamba mama yake pia angekuja.

— Prof, rangée ya tatu iko na viti tatu pamoja, alisema Falonne, muuza tiketi. Mutaona hadi meno ya baimbaji.

— Nipe mbili pale. Na moja kule juu, ku balcon.

— Ku balcon kunabaki mbili tu, nyuma ya nguzo. Utaona mukono ya muimbaji, kichwa hapana.

— Inafaa.

Rébecca aligeuka.

— Nani atakaa nyuma ya nguzo?

— Miye.

— Sababu gani?

— Hiyo haisemwi hapa ku dirisha.

— Donc unataka batu basituone pamoja? Ku mariage ya dada yako uliniacha na bapishi. Sasa unajificha nyuma ya nguzo! Uko na nani kule Beni?

— Siko na mutu.

— Basi kamata viti tatu pamoja.

— Siwezi.

— Bon. Kesho kina Delphin banakuja kuchukua jibu. Nitabaambia ndiyo.

Delphin alikuwa na malori, na posa yake ilikwisha kufika. Jéthro alilipa, akampa Rébecca tiketi mbili, akapanda pikipiki ya taksi.

Nyumbani kwa kina Rébecca, mama yake, mama Kahongya, alikuwa akimenya viazi vya Lubero.

— Ule prof wako alichagua kiti gani?

— Mbali na sisi, mama. Nyuma ya nguzo.

— Alikuwa anajua miye nitakuja?

— Nilimuambia kabla hajachagua.

Mama aliweka kisu chini, akacheka hadi machozi.

— Mutoto wangu, kwetu mukwe anakaa bega kwa bega na mama ya muke yake?

— Hajakuwa mukwe! Hajatuma hata mbuzi moja.

— Mbuzi zinatembea polepole. Heshima imetangulia. Delphin yeye alileta posa, mais alikaa na miye ku benchi moja, akachukua kiazi ku sahani yangu.

Rébecca alichukua simu, akaandika:

«Ulimukimbia mama yangu?»

Jibu lilitoka njiani:

«Nilimuheshimu. Baba zangu badogo batafika kwenu juma inayokuja. Kabla ya hapo, siwezi kujiita mukwe ku dirisha ya tiketi.»

«Mais ku kiti unaweza?»

«Ku kiti sisemi kitu. Niko nakaa tu.»

«Ungeniambia.»

«Ungecheka.»

«Ndiyo. Halafu ningenyamaza.»

Jumapili, Rébecca aliwaambia kina Delphin hapana. Delphin alikunywa soda yake yote, akaaga kwa adabu, akarudi kwenye malori yake. Jumatatu, Rébecca alirudi dirishani, akabadilisha tiketi yake kwa kiti kilichobaki nyuma ya nguzo. Falonne alimwuliza kama ana homa, kisha akamwuzia mtawa mmoja kile cha safu ya tatu. Alhamisi, baba wadogo wa Jéthro walifika kutoka Beni na mbuzi wao, wote wamelowa mvua. Jumamosi, mama Kahongya alikaa mbele na mtawa, hakugeuka nyuma hata mara moja. Kule juu, Rébecca aliona mkono wa mwimbaji upande wa kushoto wa nguzo. Jéthro, upande wa kulia, aliona kichwa. Walisimuliana.