Chupa ya Zambarau

Chupa haikuwepo.

Inspekta aliinama mbele ya rafu ya maabara, miwani puani. Duara safi kwenye vumbi la masizi lilionyesha mahali ilipokuwa imekaa. Kufuli zima. Dirisha zima. Mizani ya bei mbaya ipo, imetulia kama bibi harusi.

"Ilikuwa na nini?" alimuuliza mwanafunzi, binti aliyevimba macho kwa kulia.

"Miezi yangu saba, mama. Kwenye masizi ninayoyachambua mna molekuli za kaboni, za atomi sitini na za sabini, zimechanganyika. Nimezitenganisha. Zilizoibwa ni za sitini."

"Nieleze kama unayemweleza mtoto."

Binti akafuta pua. "Nyumba yangu haina mlango."

"Yai. Nani asiyejua?"

"Basi na hii haina mlango, ila ni duara kama mpira, na imejengwa kwa atomi sitini. Watahini wanakuja saa sita. Bila chupa ile, narudia mwaka."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

Funguo za maabara zilikuwa mbili. Mmoja wa binti, wa pili wa fundi wa maabara, mzee waliyemwita Babu Matone, maana kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kukaa akitazama vitu vikidondoka. Inspekta akamketisha ofisi ya jirani.

"Leo umefika saa ngapi, Babu?"

"Kumi na mbili."

"Kufanya nini?"

"Kuosha vyombo." Jicho lake likakimbilia mlangoni.

"Chupa uliiona?"

"Jana. Mwanangu, naomba kutoka kidogo."

"Umeshatoka mara mbili. Kuna nini?"

"Tumbo."

Choo kilikuwa kushoto. Mara zote mbili mzee alikwenda kulia. Tena mikono yake ilinuka kama rangi mbichi ya mlango, harufu ileile ya toluini, kimiminika cha kuyeyushia masizi, iliyojaa maabara. Inspekta, mlezi wa watoto wanne, alimjua mtu aliyeacha chungu motoni. Hakumgombeza. Alichonga penseli polepole.

"Nitajie wajukuu zako. Kwa umri."

Babu alitaja wawili. Wa tatu akamsahau jina. Jasho likamtiririka.

"Nifunge," akasema. "Nifunge hata miaka kumi, ila kwanza niache nikaongeze toluini. Safu ikikauka, unga utapasuka na kazi yote imekwisha."

Walikwenda mbio, kulia. Ndani ya stoo ilisimama safu yenyewe, bomba refu la kioo lililojaa unga mweupe wa kutenganishia. Chini yake tone la zambarau lilikuwa linaning'inia. Juu, kimiminika kilibaki upana wa kidole. Babu akaongeza, akashusha pumzi.

"Jana binti alinikabidhi safu akaenda kula. Zambarau, zile za sitini, hutangulia, nyekundu za sabini hufuata, nami kazi yangu ni kubadili chupa katikati. Nikawa namsimulia mlinzi habari za mjukuu wangu aliyeanza kutembea. Kugeuka, nyekundu imeshaingia. Miaka thelathini sijawahi kuchanganya. Nikafunga kizibo, nikanyamaza. Alfajiri nikaja kuitenganisha upya, niirudishe kabla hajajua. Na yeye leo kawahi."

"Babu," binti akasema mlangoni, "si ungeniambia tu?"

"Niliona aibu, mjukuu wangu."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Inspekta akasema, lakini alikuwa anacheka.

Saa tano na robo walitia sindano moja ya zambarau kwenye mashine ya kutambua. Kalamu ya mashine ikaanza kuchora. Molekuli za aina moja huchora kilima kimoja, zikichanganyika, viwili. Kilima kikapanda, kikashuka. Wote watatu wakasubiri, shingo mbele. Mstari ukaendelea tambarare hadi mwisho wa karatasi.

Binti akamkumbatia mzee mpaka kofia ikaanguka.

"Na mlalamikaji yuko wapi?" Inspekta akauliza.

"Hayupo, mama. Kuna shahidi. Watahini wataniuliza kwa nini chupa moja imetenganishwa mara mbili. Atawajibu Babu."

"Hata ile habari ya mjukuu?" mzee akanong'ona.

"Hasa ile ya mjukuu."

Inspekta akafunga daftari, akaenda kutafuta kiti cha mbele kwenye chumba cha mtihani.