Maji ya Mama wa Kitambaa

Jua lilikuwa linazama, mshale wa joto la injini unapanda, nami nikasimamisha gari kwenda kuomba maji ya rejeta kwenye nyumba ya kwanza niliyoiona. Kama unatafuta kosa dogo, ni hilo. Kubwa nililifanya baadaye, kwa ulimi wangu mwenyewe.

Kwanza unijue. Shule niliiacha darasa la sita, tuliachana kwa amani, hakuna aliyemlilia mwenzake. Nikaingia gereji ya mjomba. Leo hii wenye vyeti vya kutundika ukutani wananiletea magari yaliyowashinda, halafu wanasimama pembeni na mashati yao ya pasi, wananitolea macho. Mimi naonja. Kitu chochote kikidondoka chini ya gari, nachovya kidole, nagusisha kwenye ulimi, natema, nataja ugonjwa. Maji ya rejeta yaliyotiwa dawa yana utamu wa kijinga. Mafuta ya breki yanawasha. Oili ya gea ina ladha ya yai viza lililokaa juani. Mjomba ndiye aliyenifundisha. Mjomba mwenyewe hana meno ya mbele, lakini hayo tuyaache.

Mke wangu ni msusi. Alikuwa hanipi busu mpaka nisukutue mara mbili.

Kiangazi kile tulifunga yeye saluni, mimi gereji, wiki nzima. Tukachukua gari kuukuu la mjomba, ambalo nililifufua kwa mikono hii, tukaenda tu. Hatukuwa tunakwenda kwa mtu. Tukichoka, tunasimama, tunapasua tikiti maji juu ya boneti, maji yanachuruzika mpaka kwenye viwiko. Mimi nikiwa kwenye usukani, yeye ananimenyea karanga na kunirushia mdomoni. Nikiikosa, naimba. Naimba vibaya, kwa hiyo alikuwa anarusha vibaya makusudi.

Asubuhi ya siku hiyo alipaka kucha za miguu rangi nyekundu, akapandisha miguu juu ya dashibodi, akaniambia nipulize zikauke.

"Puliza taratibu, fundi. Hiyo siyo kabureta."

Nilikuwa na raha. Niseme nini zaidi?

Nyumba ile ilikuwa peke yake kando ya barabara. Nyeupe. Uwanja umefagiliwa mpaka ukaudhi macho. Hakuna jani. Hakuna kuku. Hakuna mbwa wa kunibwekea. Mlangoni kulikuwa na dumu la maji, limejaa, kifuniko kimeshafunguliwa.

Kama lilikuwa linaningoja.

Mwanamke alitoka. Mtu mzima wa makamo, gauni safi, kitambaa cheupe amekibana mdomoni kwa mkono mmoja. Katikati kitambaa kilikuwa kimelowa.

"Shikamoo, mama. Naomba maji, gari limechemka."

Hakusema marahaba. Alimeza. Nilisikia kooni... glup. Kisha akaonyesha dumu kwa kidevu.

"Uko na nani?" aliuliza nyuma ya kitambaa.

"Na mke wangu."

Akameza tena. "Anakaa mbele?"

"Sasa nimweke kwenye buti, mama?"

Hakucheka. Alikuwa anatazama gari. Kupitia kioo cha mbele zilionekana nyayo mbili za mke wangu, juu ya dashibodi, anachezesha vidole kwa muziki wa redio. Tone likadondoka kutoka kwenye kitambaa cha yule mama. Likaangukia kidole changu cha mguu. Lilikuwa la moto.

"Ni ya gari tu," alininong'oneza. "Wewe usitie mdomoni."

Nikadhani anamaanisha ni machafu. Nikabeba dumu.

Nilipoyamimina, hayakupiga kelele kama maji. Yaliteremka kwa uzi mmoja mrefu, mzito, uliokataa kukatika hata nilipoinua dumu. Nikasema ni giza linanichezea. Mshale ukashuka hapohapo. Nitajie fundi aliyewahi kulalamika kwa sababu mshale umeshuka.

Tukaondoka. Kama nusu saa hivi, harufu ikaja.

Harufu ya mdomo. Mdomo wa mtu aliyelala na njaa, akaamka na njaa, na bado hajapata chakula.

"Wewe," mke wangu akasema, "leo umepiga mswaki kweli?"

"Ni wewe na mayai yako ya kuchemsha. Usinisingizie."

"Mayai hayanuki hivi, mwanaume. Fungua dirisha."

Tukacheka, tukafungua madirisha yote. Harufu ikabaki. Halafu nikaanza kusikia kitu nyuma ya dashibodi, upande wake. Sauti ya kulowa. Nch... nch... glup.

"Miguu yangu imelowa," akasema. Alikuwa ameishusha chini.

"Ni hita imetoboka. Nyuma hapo kuna kirejeta kidogo, maji ya injini yanapita humo. Nitaziba kesho nikiwa nimefumba macho."

"Acha tu." Sauti yake ilikuwa nzito, ya usingizi. "Yana uvuguvugu... ni kama mtu ananikanda."

Basi mimi, fundi wa mafundi, mkono mmoja kwenye usukani, nikapeleka mwingine chini ya dashibodi. Nikachovya kidole. Nikakitia kwenye ulimi bila hata kufikiri, kama wewe unavyojikuna.

Utamu haukuwepo. Muwasho haukuwepo. Palikuwa na chumvi kidogo, na utelezi, na povu dogo lililopasuka kwenye fizi. Ladha ile unaijua. Unaamka nayo kila siku kabla ya kusukutua.

Mate.

Na hayakuwa yangu.

Nikakanyaga breki, nikawasha taa ya ndani.

Chini ya dashibodi zilining'inia nyuzi za mate, nene, zenye mapovu, zimefika mpaka kwenye miguu ya mke wangu. Nyayo zake zilikuwa zimenyauka na kuwa nyeupe kama zilizoloweshwa siku nzima. Kamba za ndara zimetafunwa zikawa laini. Mguu wa kulia haukuwa na rangi hata kwenye ukucha mmoja. Imelambwa yote. Wa kushoto zilibaki mbili nyekundu.

Yeye amelala. Anatabasamu.

Uzi mmoja ukavutwa juu, ukaingia ndani. Nikasikia ukimezwa. Kisha ukashuka mwingine, mnene zaidi, na nyuma yake, gizani kule, kitu kikajisogeza kama mtu anayesogeza kiti mezani.

Nilimvuta nje kwa mabega. Akaamka anapiga kelele, "Una wazimu?" Kisha akaona miguu yake. Akaigusa. Mkono ukateleza. Akainama kando ya barabara akatapika tikiti lote la mchana, na mimi nikainama karibu yake nitapike pia.

Tumbo langu likakataa.

Likanguruma. Nilikuwa na njaa.

Mbele kidogo palikuwa na kituo cha mafuta. Mziba pancha wa pale, mzee mwembamba mwenye ovaroli lililochanika magoti, alitusikia akaja na tochi. Alisimama mbali na gari. Injini nilikuwa nimeizima, lakini boneti lilikuwa linapanda na kushuka kidogokidogo.

"Maji mmeyachota wapi?"

Nikamwambia. Nyumba nyeupe. Mama mwenye kitambaa.

Hakushtuka, na hilo lilinitisha kuliko kama angeshtuka. Alienda kuleta ndoo ya mchanga, akaumwaga chini ya gari, akasema, "Fungua koki ya rejeta. Yatoke yote. Mama, wewe kaa nyuma yangu, usiweke mguu karibu."

Yalitoka. Itakukata hamu ya kula, lakini nitakueleza. Yalitoka kwa mabonge, meupe, ya kijivu, yanavutika, yana mapovu yasiyopasuka. Ndani yake mlikuwa na vipande vidogo vya rangi nyekundu. Nikakuta na maganda ya karanga zetu, yametafunwa. Mwisho koki ikaziba. Nikaingiza waya, nikachokoa, kikadondoka kitu mchangani.

Ukucha. Wa mguu, wa kidole gumba, mnene, wa manjano, una kijinyama pembeni. Nikageuka haraka kutazama miguu ya mke wangu. Zake zilikuwepo zote.

"Ule ni wa zamani," mziba pancha akasema. "Yule mama alikuwa na mume. Walikuwa wanasafiri kama ninyi, kwa raha zao, gari lao likachemka. Mwanamke akafika. Mwanaume hakufika. Mimi najua mpaka hapo, na sitaki kuongezewa."

Kisha akanimulika tochi usoni.

"Umeonja?"

Mke wangu alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aliyemimina tu, mambo yake yameisha hapa," mzee akasema. "Aliyeonja aseme sasa hivi, haya yakiwa bado mabichi. Kuna namna. Mchanga ukishakunywa, basi... hata mimi siwezi."

"Huyu?" Mke wangu alijaribu kucheka, machozi yanamtoka. "Huyu huonja kila kitu. Lakini haya, mume wangu... haya hukuonja. Si ndiyo? Mimi ningekufa kwa kinyaa. Nisingeweza hata kulala na wewe kitanda kimoja."

Niliutazama mchanga. Bado uling'aa.

Ningesema. Naapa, neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini nilimwona anavyonitazama, nikaona atakavyonitazama nikishasema.

"Nionje mate?" nikasema kwa majivuno yangu yote. "Mimi mtoto mchanga?"

Mchanga ukakauka tunauangalia. Mzee akaendelea kunimulika kidogo, kisha akazima tochi.

Gari tuliliacha palepale, tukarudi nyumbani kwa lori la saruji. Njia nzima alinilalia begani. Mimi nilikuwa nameza.

Wiki ya kwanza ilikuwa mto tu. Naamka, mto umelowa mpaka ndani ya pamba. Akanitania kwamba naota meno. Ya pili, chakula kikawa hakina ladha, kila ninachotia mdomoni ni kama karatasi iliyolowa. Nampongeza kwa mapishi, natafuna karatasi. Ya tatu, alirudi kutoka saluni, miguu imemuuma kwa kusimama, akavua viatu, akaniwekea nyayo mapajani nimkande, kama siku zote.

Mdomo ukajaa ghafla. Ukafurika. Ukamwagikia mguuni kwake kabla sijaziba kwa mkono.

"Ah! Wewe nawe! Kinyaa gani hiki!" Alinipiga kwa kanga yake, anacheka. Akanifuta kidevu kwa kidole gumba.

Sijui ilikuwaje. Najua alipiga kelele. Najua kidole kilikuwa kati ya meno yangu, na damu ilikuwa na ladha. Chakula cha kwanza chenye ladha tangu tulipotoka safari.

Aliwaambia majirani mume wake ana mapenzi mpaka anang'ata. Wakacheka sana. Nikacheka nao, kitambaa kikiwa mdomoni. Siku hizi sitoki bila kitambaa, nawaambia watu nina jino bovu. Na sasa naelewa kwa nini uwanja wa yule mama hauna hata kuku. Simchukii tena. Huenda alikuwa anawapa wageni dumu lile ili njaa yake iende mbali na mlango wake, ikale kwingine. Huenda ni kitu kibaya zaidi. Sijarudi kumuuliza, naogopa tutaelewana.

Nikahamia gereji. Nilimwambia kazi zimekuwa nyingi. Nalala juu ya kiti cha nyuma cha basi dogo, chini nimetega beseni.

Jana, giza likianza kuingia, alikuja.

Nilimjua kabla hajagonga. Harufu yake ilipita chini ya mlango wa chuma: mafuta ya nywele, jasho la kutwa, na dawa ya kidonda cha kidole ambacho hakitaki kufunga. Nilifunga mlango kwa ndani mbio, nikabaki na ufunguo mkononi.

"Fundi," akaita taratibu. "Nimekuja kukuchukua. Nimefua mashuka."

"Rudi nyumbani."

"Siku ya kumi na moja leo. Una mwanamke humo?"

"Sina. Rudi, mke wangu. Nakuomba."

"Mbona unaongea kama una maji mdomoni?"

Mate yalikuwa yananichuruzika mpaka kifuani. Miguu yangu ilikuwa imeshasogea mlangoni yenyewe, na mkono ulikuwa unatafuta tundu la kufuli. Nikauona. Mkono wangu mwenyewe, unatafuta tundu.

Nikapata akili. Mimi akili ninazo, hata mjomba anasema. Nikapiga magoti, nikausukuma ufunguo chini ya mlango, ukateleza nje. Sasa hata nikitaka, sifungui. Nikaegemea ukuta, nikapumua. Nimeshinda.

Nje viatu vyake vikakwaruza sakafu.

Kisha nikamsikia anainama. Nikamsikia anauokota.

"Si ungesema tu niingie," akasema, na nilijua kwa sauti kwamba anatabasamu. "Visa vyako haviishi, mwanaume wewe."

Ufunguo ukaingia kwenye tundu.

Ukazunguka.