Kibanzi cha Langoni

Kijiko cha mbao kiligonga ukingo wa sufuria mara tatu. Mlio huo ndio uliokuwa saa ya Eldrid kila asubuhi kabla hakujapambazuka. Maana yake ni kwamba uji wa shayiri umeiva, baba yuko jikoni, na mama bado hajarudi kutoka zamu ya usiku hospitalini. Siku nyingine angejifunika blanketi dakika mbili zaidi. Alhamisi hiyo alikuwa macho zamani.

Mezani, baba yake Halvard alikuwa ametandaza karatasi tatu karibu na bakuli la siagi. Zilikuwa kanuni za usalama na malezi za chekechea ya Lauvdal, anakosoma Signy, mdogo wake Eldrid mwenye miaka minne. Kila familia ilikuwa imepewa nakala izisome, iandike maoni yake, kisha ije mkutanoni jioni.

"Signy anakushinda kula," baba alisema. "Ama leo uji wangu una mchanga?"

"Una donge moja," Signy alisema. "Nimelimeza."

Baba alicheka, kisha akagonga karatasi kwa ncha ya kalamu. "Kanuni ya nne, lango. Eldrid, wewe unapita pale kila siku kuliko mimi. Niandike nini hapa?"

Eldrid aliangalia bakuli lake. "Sijui," alisema.

Alijua. Katika mfuko wa koti lake, lililoning'inia mlangoni, kulikuwa na kibanzi cha kuni kisichozidi kidole gumba. Alikuwa amekibeba kwa siku tisa.

Lango la chekechea lilikuwa na komeo la chuma lililowekwa juu, ili watoto wasilifikie. Kulifungua kulitaka kubana pini ndogo kwa vidole viwili, na hakuna anayeweza kubana pini ile akiwa amevaa glavu za sufu. Katika baridi ya Januari chuma hung'ang'ania ngozi. Mara ya kwanza Eldrid alipolijaribu kwa vidole vitupu, alirudi nyumbani na lengelenge. Basi akabuni njia yake. Akifika kumchukua Signy saa tisa alasiri, alibana pini mara moja, kisha akachomeka kibanzi kwenye komeo ili lisijifunge nyuma yake, asilazimike kuibana tena akitoka. Akitoka alikichomoa, akavuta lango, na komeo likajifunga lenyewe kwa uzito wake. Alifanya hivyo tangu Novemba, na hakuna aliyeona.

Jumanne ya wiki iliyopita, Signy alitoka akilia kwa sababu glavu yake moja imepotea. Eldrid alimvika ya kwake, akamkalisha kwenye sledi, kigari cha kuteleza juu ya theluji, akamvuta haraka kwenda nyumbani. Kibanzi alikisahau.

Robo saa baadaye Jostein, mtoto wa miaka mitatu, alilisukuma lango likafunguka. Alishuka hadi darajani, akaanza kukanyaga barafu ya mto. Dereva wa trekta la kuzolea theluji aliiona kofia yake nyekundu. Alisimamisha trekta katikati ya barabara, akamfuata, akamrudisha akiwa amemfungia ndani ya koti lake mwenyewe, na njia nzima alimwimbia ili asilie. Hakuumia hata kidogo. Lakini wote walijua kwamba mahali pale, chini ya daraja, barafu huwa nyembamba.

Uani saa ile alikuwa zamuni Borghild, mlezi wa miaka sitini na mitatu. Hakuna mtoto Lauvdal ambaye hakupitia mikononi mwake. Ndiye aliyekuwa akipanga glavu za watoto juu ya jiko ili wakitoka wazikute zina joto. Ndiye aliyempa Eldrid kikombe cha maziwa moto kila alipokuja mapema, bila kumwuliza kama anataka. Mkuu wa chekechea, Gunnvor, alipouliza nani aliacha lango wazi, Borghild alifikiri sana, kisha akasema labda ni yeye, labda alisahau kulikagua.

Tangu siku hiyo aliwekwa jikoni kumenya karoti. Dukani watu walianza kunong'ona. Mzazi mmoja alisema magoti ya Borghild yanamshinda yeye mwenyewe, sembuse kukimbizana na watoto, na mkutano ungekuwa mahali pazuri pa kumwambia apumzike.

Jumatano, siku moja baada ya tukio, Eldrid alikiona kibanzi chini ya lango, nusu kimefukiwa na theluji. Alikiokota. Alitaka kusema siku hiyohiyo. Akawaza kwamba akisema hataruhusiwa tena kumchukua Signy, na mama atalazimika kuacha zamu zake. Na Jostein alikuwa mzima, sivyo? Akanyamaza siku moja. Ya pili ikawa rahisi kunyamaza, lakini kulala kukawa kugumu.

Jioni ya Alhamisi hiyo ya mkutano, saa kumi na moja, familia zilijaa ukumbini, buti zimepangwa mlangoni, soksi za sufu za kila rangi. Gunnvor aliomba ndugu wanaowachukua wadogo zao wabaki, maana kanuni zinawahusu. Kulikuwa na kahawa na maandazi ya iliki. Borghild ndiye aliyeyapitisha. Alipofika kwa Eldrid alimchagulia lenye sukari nyingi, kama alivyofanya Eldrid alipokuwa mtoto wa pale.

Eldrid aliliweka mezani.

Walisoma kanuni moja baada ya nyingine. Kuhusu homa, wazazi wawili walibishana kidogo. Kuhusu watoto kulala mchana nje kwenye vigari vyao, kama ilivyo desturi ya huko, bibi mmoja aliomba blanketi moja liongezwe, wakakubaliana. Ilipofika ya nne, mama yake Jostein alisema kwa upole, bila kumtazama mtu, kwamba hana ugomvi na yeyote, ila hawezi kulala mpaka ajue lango lile lina mtu wa kulitegemea. Borghild aliweka trei chini. Akasema amefikiri sana, na pengine wakati wake umefika.

Eldrid alisimama.

"Si Borghild," alisema. "Ni mimi."

Akakitoa kibanzi, akakiweka mezani karibu na maandazi. Alieleza yote: pini, lengelenge, glavu ya Signy. Sauti yake ilikatika mara mbili, na mara zote mbili baba aliweka mkono mgongoni pake. Mwisho Eldrid alimgeukia mama yake Jostein akamwomba radhi. Mama yule alikuwa na machozi. Alimwitikia kwa kichwa.

Gunnvor alivaa koti akatoka nje. Kupitia dirishani walimwona chini ya taa akihangaika na komeo, akivua glavu, akipuliza vidole. Aliporudi uso ulikuwa mwekundu.

"Kanuni hii niliiandika mezani, karibu na jiko," alisema. "Sikuwahi kuijaribu wakati wa baridi. Wangapi hapa huliegesha tu lango?"

Mkono mmoja ukainuka, wa baba mmoja mzee. Kisha mitano.

Jumamosi wazazi walikusanyika na nyundo zao. Waliweka komeo jipya lenye mkono mpana wa mbao, linaloshikika hata kwa glavu, na kengele inayolia lango lisipofungwa. Iliamuliwa uani wawepo walezi wawili, na Borghild awe mmoja wao. Iliamuliwa pia kwamba kila mwaka ndugu wanaochukua wadogo zao waulizwe kabla kanuni hazijaandikwa. Eldrid naye alipewa mwezi mzima wa kutomchukua Signy peke yake. Baba alipanga na bosi wake wa kiwandani awe akitoka mapema kumchukua, na mama hakupoteza zamu hata moja.

Siku hiyo ya Jumamosi Eldrid alishika misumari. Kazi ilipokwisha, Borghild alimwita kwenye kibaraza, akampa kikombe cha maziwa.

"Umenikasirikia?" Eldrid aliuliza.

Borghild alinyoosha goti lake bovu polepole. "Kusahau kibanzi ni kosa la dakika moja, mwanangu. Hata mimi husahau, na hilo nimekusamehe. Kunyamaza ni kosa ulilolichagua upya kila asubuhi, siku tisa. Kilichokuwa kibaya langoni ungekisema Novemba, tungelitengeneza Novemba, na Jostein asingeona mto. Kitu kikikushinda, kiseme. Usikitafutie kibanzi."

"Nitasema."

"Najua. Umeshaanza."

Eldrid alirudisha kikombe, akaenda langoni. Alilifunga bila kuvua glavu, akasikiliza. Kengele haikulia. Nyuma yake Borghild aliita kutoka kibarazani.

"Mwezi huu huna mtu wa kumchukua hapa, lakini maziwa yapo. Uje tena Jumatatu, unisalimie."