Jibini Iliyozima Taa

Kila Jumapili, baada ya misa ya asubuhi, Léonie na babu yake, mzee Firmin, walikata jibini kabla ya kukagua baiskeli. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya klabu yao ya baiskeli katika milima ya Jura. Kila mmoja alibeba jibini aipendayo katika mfuko wa nyuma wa fulana, na hakuna aliyeruhusiwa kuonja mpaka mtu wa mwisho afike kileleni.

"Matairi?" Babu aliuliza.

"Nimeyajaza, Babu."

"Basi twende. Thibaut hapendi kusubiri."

Thibaut alikuwa mwenyekiti wa klabu na dereva wa lori la maziwa. Walimkuta mbele ya banda la klabu, nyuma ya kiwanda cha jibini, pamoja na mwanawe Loïc, aliyesoma darasa moja na Léonie. Madamu Josiane wa posta naye alikuwepo, akiifuta baiskeli yake mpya kwa kitambaa kama mtu anayemfuta mtoto uso. Jua la vuli liliwaka. Wakatoa betri na taa kwenye rafu ya kuchajia, wakazifunga kwenye baiskeli bila kuziwasha, wakaondoka.

Njiani utani ulianza kama kawaida.

"Tazameni," alisema madamu Josiane. "Nagusa hapa kidogo tu, gia inabadilika yenyewe. Haina waya hata mmoja. Laini kama siagi!"

"Siagi huyeyuka, madamu," alijibu Babu kutoka nyuma. "Gia yangu ina waya, na haijawahi kuniomba umeme."

"Mzee Firmin, wewe hata simu yako ina waya!" Thibaut alidakia, na wote wakacheka.

"Na leo umebeba nini, madamu?" Babu aliuliza.

"Jibini ya mbuzi."

"Ya mbuzi! Kwenye mlima wa ng'ombe! Mungu akusamehe."

"Afadhali mimi. Muulize Loïc anapenda nini."

Loïc alikiri kwamba alipenda zile jibini za mraba zinazouzwa katika karatasi za plastiki. Baba yake alijishika kifua kama aliyechomwa kisu.

Léonie alicheka pamoja nao mpaka walipofika mahali barabara inapoanza kupanda. Hapo madamu Josiane aligusa kitufe chake, akakigusa tena, kisha akakibonyeza kwa hasira. Gia haikubadilika. Ilikuwa imekwama kwenye ile nzito kuliko zote.

"Betri imekufa!" alilalamika. "Mpya kabisa! Nitawarudishia walioitengeneza, na nitawaambia maneno wasiyoyajua!"

Kicheko kilimwisha Léonie. Alikumbuka jana. Babu alikuwa amechomeka chaja, akapanga betri na taa zote juu ya rafu, kisha akaenda kupumzika na kumwachia ufunguo ili afunge banda. Mvua ikanyesha. Yeye na Loïc wakasikia njaa. Kabatini kulikuwa na lile jiko dogo la umeme la kuyeyushia jibini, ambalo klabu hulitumia katika sherehe ya majira ya baridi, na banda lilikuwa na soketi moja tu. Wakachomoa chaja, wakala jibini iliyoyeyuka juu ya viazi, wakalisafisha jiko na kulirudisha. Chaja hawakuirudisha.

Alimtazama Loïc. Loïc alitikisa kichwa polepole, maana yake: nyamaza.

Walipanda, madamu Josiane akisukuma baiskeli yake kwa mkono. Karibu na kilele ukungu ulishuka ghafla, mzito kama maziwa. Waliingia katika kibanda cha mawe cha wachungaji, kilichokuwa kitupu kwa kuwa ng'ombe walikuwa wameshateremshwa bondeni. Thibaut alijaribu kuwasha taa yake. Haikuwaka. Wakajaribu zote za kuchaji, na hakuna hata moja iliyotoa mwanga. Simu nazo hazikupata mtandao. Nje, lori la magogo lilipita likipiga honi. Walilisikia, lakini hawakuliona hata kivuli.

"Bila taa hatushuki barabarani," Thibaut alisema. "Dereva hatatuona mpaka awe juu yetu."

Kwa kuwa wote walikuwa wamefika, waliweka jibini mezani. Mlango ulifungwa. Dirisha lilikuwa jeupe. Baridi ilianza kupanda kutoka sakafuni.

"Kuna ile njia ya zamani ya wachungaji," alisema madamu Josiane. "Haina malori. Mzee Firmin, wewe unaijua."

Babu aliichukua taa ya Thibaut iliyokufa. Akawa anaigeuzageuza mkononi.

"Mzee," Thibaut aliuliza kwa upole, "jana ulichomeka chaja kweli?"

"Nilichomeka. Nauona kabisa mkono wangu ukichomeka." Akaiweka taa mezani. "Au ilikuwa Jumamosi nyingine?"

Hakuna aliyetania.

"Kaka yangu alianza hivihivi," Babu alisema. "Alisahau kufunga zizi. Mwishowe alisahau majina ya watoto wake." Alivua kamba iliyokuwa shingoni mwake na kuuweka ufunguo wa banda mezani, kati ya jibini na kisu. "Uchukue, Thibaut. Na hiyo njia ya wachungaji msinitegemee. Mtu asiyejua alichofanya jana asiwaongoze watoto kwenye ukungu."

Léonie alikirudisha mezani kipande cha Comté, ile jibini ya ng'ombe aliyoibeba Babu. Chini ya meza Loïc alimkanyaga mguu. Léonie alifumba macho, akaomba kimyakimya: Ee Mungu, uondoe ukungu huu. Ukungu ukiondoka tutashuka, na yote yatakwisha.

Alipofumbua macho, dirisha lilikuwa jeupe vilevile. Lakini sasa alimwona babu yake. Mzee alikuwa anahesabu kitu kwa vidole, midomo ikichezacheza. Léonie alisikia: alikuwa anataja majina ya wajukuu wake, mmoja mmoja, kuhakikisha bado anayo.

Ndipo alipoelewa kwamba hata ukungu ukiondoka, Babu atashuka bondeni na hofu ile moyoni, na atakaa nayo kila siku.

"Babu, ulichomeka," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Ulichomeka chaja. Mimi ndiye niliyeichomoa."

Wote walimgeukia. Aliwaeleza kuhusu mvua, njaa, jiko na soketi. Hakumtaja Loïc. Alipomaliza, Loïc alisema huku akitazama viatu vyake, "Tulikuwa wawili."

"Na wewe muda wote huu unatafuna tu!" Thibaut alimfokea mwanawe. "Mzee wa watu anavua ufunguo mbele yako, wewe unatafuna!"

Babu aliinua mkono kumnyamazisha. "Léonie. Nilichomeka?"

"Ndiyo, Babu."

"Zote?"

"Betri zote na taa zote. Ulizipanga vizuri."

Mzee alifumba macho. "Asante, Mungu wangu," alisema polepole. Kisha aliinuka, akavaa ufunguo wake shingoni.

"Vaeni kofia. Tunaufuata ukuta wa mawe, mkono wa kushoto, mpaka kwenye kisima cha ng'ombe, halafu tunaingia msituni. Naijua njia hiyo kama ninavyokijua kiganja changu."

Waliteremka kwa miguu, wakisukuma baiskeli. Babu alitangulia. Baiskeli yake kuukuu ilikuwa na dinamo, na gurudumu lilipozunguka taa yake iliwaka kwa mwanga wa manjano, hafifu mno kwa barabara ya malori, huku dinamo ikilia kama nyuki. Wengine walifuata mwanga ule na mlio ule.

"Madamu," Babu aliita kutoka mbele, "hii nayo ni teknolojia."

"Nasikia, mzee, nasikia! Lakini Comté yako ilikuwa kavu."

Ukuta ulikuwa mkono wa kushoto. Kisima kilikuwa pale pale alipokisema. Léonie alitembea karibu na babu yake, machozi yakimtiririka.

"Nisamehe, Babu. Niliogopa mtanifukuza kwenye klabu."

"Jiko mngeniomba ningewapa. Chaja kuisahau, nani hajasahau kitu?" Babu alisema bila kusimama. "Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Betri ikiisha, tunaichaji usiku mmoja, asubuhi imejaa. Mtu akipoteza imani na akili yake mwenyewe, kwa sababu mwingine amenyamaza, hiyo haina soketi ya kuichaji. Kosa lako liseme likiwa bado dogo. Ukilificha, litamwangukia mtu mwingine, na mara nyingi ni yule anayekupenda."

Walifika bandani mchana ukielekea kuisha, wamelowa na wenye njaa. Thibaut alilitoa lile jiko kabatini na kuliweka mikononi mwa Loïc. "Wewe utatuyeyushia jibini wote. Hata ile ya mbuzi. Lakini nyumbani kwetu, siyo hapa."

Babu alivua ufunguo akampa Léonie. "Chomeka, kisha funga."

Léonie alipanga betri na taa zote juu ya rafu. Alichomeka chaja, akasubiri mpaka taa ndogo nyekundu zilipowaka, moja baada ya nyingine. Kisha akamwita babu yake aje kuona.

"Nimeona," Babu alisema. "Na nitakumbuka."