Lita za Hawe Jedida

Kahonzi aliandika tena 1,200 na kubonyeza kitufe. Kompyuta ikajibu: lita 1.

"Inasoma mpaka kwenye mkato, halafu inaacha," alisema polepole. "Tarakimu zinazofuata inazitupa."

Programu hiyo aliitunga yeye mwenyewe, katika chumba cha kompyuta cha shule yao huko Tezo. Kila mwanachama wa kikundi cha miche aliingiza lita alizohitaji, programu ikajumlisha, na lori likaleta maji kulingana na jumla hiyo. Wengi waliomba 80 au 150. Hawe Jedida, bibi mwenye kitalu kikubwa kuliko vyote, alihitaji mengi zaidi. Lori lilipofika kwake, mwisho wa njia, lilikuwa tupu. Alingoja lirudi. Jua halikungoja.

"Angeandika bila mkato kama wenzake," alisema Njenga, rafiki yake aliyeketi kando. "Kosa ni lake, si lako."

Kahonzi alitamani kukubali. Lakini mlango ulifunguliwa, Mwalimu Okoth akaingia pamoja na Hawe, aliyebeba kiriba, kifuko cha plastiki chenye mche mkavu wa mkanju, mti wa korosho.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akakiweka kiriba mezani. "Mbegu zilitoka kwenye mkanju wa marehemu mume wangu. Mti wenyewe ulianguka mwaka jana. Sina mbegu nyingine."

Njenga aliinamisha kichwa.

"Hawe, programu ni yangu, nayo haikuelewa mkato ulioweka kwenye namba," alisema Kahonzi. "Na jumla niliiona ni ndogo. Niliogopa kuchekwa, nikanyamaza."

Hawe aligusa jani, likavunjika vidoleni mwake. "Mimi huandika hivyo tangu nilipofundishwa," alisema. "Sikujua kwamba mashine haijui."

Mwalimu Okoth alivuta kiti. "Watu wataandika walivyozoea, Kahonzi. Kazi yetu ni kuwaelewa, na tusipoelewa, tuulize. Programu yako haikuelewa, ikanyamaza. Nawe ulishuku, ukanyamaza. Miche imekufa hapo katikati."

Kahonzi alijifuta macho. Akaongeza mstari wa kuondoa mikato kabla ya namba kusomwa. Safari hii 1,200 ilisomwa yote.

"Sasa andika wewe, Hawe, vile upendavyo."

Kwa kidole kimoja Hawe akaandika: lita 1,200. Kompyuta ikajibu: 0.

"Hilo neno ‘lita’ limeishinda," alisema Kahonzi. "Nayo haijauliza."

Kengele ya kwenda nyumbani ililia. Hawe akasimama, akajifunga leso vizuri.

"Kesho nitakuja niandike tena," alisema. Kiriba alikiacha pale mezani.