Mayai ya Perege

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Demetria alianza na samaki. Aliwapa pumba kidogo, akachota uchafu kwa kata, kisha akaongeza maji yaliyolala usiku kucha kwenye debe. Baba yake, Bwana Theonest, alikuwa karani wa bandarini aliyetoka Bukoba. Alikuwa amenunua sanduku la vioo la duka moja lililofungwa Kariakoo, akaziba nyufa zake kwa lami, akaliweka chumbani kwao Temeke, karibu na mlango. Ndani yake waliishi perege sita kutoka Mto Mzinga, pamoja na visamaki vyenye mistari ambavyo hakuna aliyejua jina lao. Baba alitaka perege wazae, ili vitoto avitie katika bwawa alilochimba shambani kwake Mbagala. Jambo hilo alimwomba Mungu kila jioni, familia yote ikiwa imepiga magoti.

Wapangaji wenzao hawakuwapenda samaki hao. Bomba lilikuwa moja kwa mtaa mzima, na foleni ya ndoo ilianza kabla jua halijachomoza.

"Maji ya watu mnawapa samaki!" alisema Bi Somoe, mwanamke wa Rufiji aliyepanga chumba cha pili pamoja na mumewe, Bwana Fakihi, seremala. Binti yao, Tabu, alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, sawa na Demetria, na ulimi aliurithi kwa mama yake.

"Mpisheni Binti Perege," Tabu alipenda kusema bombani. "Mumewe ana kiu huko chumbani."

"Samaki wangu anaoga mchana kutwa," Demetria alimjibu. "Wewe je?"

Watoto walicheka, na chuki ikakua kidogo kila siku.

Alhamisi moja, baada ya shule, Demetria aliona perege dume amechimba shimo mchangani, na jike mkubwa anataga. Mayai yalikuwa ya manjano, kama punje za mtama. Moyo ulimdunda kwa furaha. Mara mama yake akamwita uani kuepua chungu. Alipokimbia kurudi, shimo lilikuwa tupu. Halikubaki hata yai moja.

Mlangoni alisimama Tabu, ndoo imetua miguuni, mikono imelowa, anachungulia pembeni mwa pazia.

"Umefanya nini?" Demetria alipiga kelele.

"Nimefanya nini mie? Natazama tu. Kutazama nako hulipiwa?"

"Umeyatoa mayai!"

Kelele ziliwaleta watu. Bi Somoe alitoka jikoni, Bwana Fakihi akatoka na randa mkononi, na Bwana Theonest, aliyekuwa akiingia kutoka kazini, aliwakuta wamejaa ukumbini.

"Demetria," baba yake aliuliza, "ulimwona?"

Demetria alimtazama Tabu. Akakumbuka vicheko vyote vya bombani. "Nilimwona kwa macho yangu," alisema. "Aliingia chumbani, akatia mkono majini."

Hakuwa ameona hivyo.

"Ni samaki gani huyo?" Bi Somoe aliuliza.

"Perege," alijibu Bwana Theonest.

"Basi mnamsingizia mwanangu bure. Perege hatagi akaacha mayai kama kuku. Huyabeba kinywani mpaka yaanguliwe. Kwetu Utete hata mtoto anayenyonya analijua hilo. Mtazameni jike kidevu chake!"

Bwana Theonest alicheka. "Mama Tabu, mdomo ni wa kulia chakula. Samaki akitia mayai mdomoni, atayameza. Haya mambo yana elimu yake."

Watu walicheka pamoja naye. Hakuna aliyekwenda kumtazama samaki. Bi Somoe alijifunga kanga upya kiunoni kwa hasira.

Bwana Fakihi hakucheka. "Tabu, uliingia chumba cha watu?"

"Sikuingia, baba. Wallahi sikuingia."

"Mtu amekuona, na mikono yako imelowa." Aliinama, akasema polepole, "Mwisho wa mwezi lori la mjomba wako likija, utakwenda Utete kwa bibi yako. Sitaki kusikia mtaani kwamba nafuga mwizi."

"Na shule, baba?"

"Shule imekwisha."

Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa kama ina moto chini ya majivu. Bi Somoe alimwaga maji ya vyombo mbele ya mlango wa kina Demetria. Mama yake Demetria alimsalimu mara tatu, hakuitikiwa hata mara moja. Bombani Tabu hakumtania tena Demetria. Alimtazama tu, kisha akageuka, na hilo lilimchoma Demetria kuliko matusi.

Perege jike naye alibadilika. Hakugusa pumba. Alijibanza pembeni, kidevu kimevimba, na kisamaki chochote kilichomkaribia alikifukuza kwa ukali.

"Anaumwa koo," alisema Bwana Theonest. "Asipopona tutamtoa, asije akawaambukiza wenzake."

Usiku Demetria alisali. Aliwaombea wazazi, aliwaombea wagonjwa, hata samaki aliwaombea. Lakini alipofika kwenye jina la Tabu, aliliruka, akajifunika shuka.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, lori lilisimama barabarani. Demetria alikuwa akitia pumba majini alipomwona jike akifungua kinywa. Vikatoka vitoto, vingi mno, vidogo kama vichwa vya sindano, vikatawanyika mchangani. Kisamaki chenye mistari kiliposogea, mama yao aliinamisha kichwa, navyo vikakimbilia kinywani mwake kama watu wanaoikimbia mvua. Kinywa kikafungwa.

Demetria alisimama, kata mkononi. Hakuna mwingine aliyeona. Angeweza kukaa kimya mpaka lori liondoke. Baba angevikuta vitoto baadaye, angemshukuru Mungu, na labda asingeuliza lolote. Nje alimsikia Bwana Fakihi akisema, "Lete hilo sanduku la Tabu, tulipandishe."

Alimwendea baba yake uani, ambako alikuwa akinyoa ndevu. "Baba, njoo uone."

Bwana Theonest alitazama muda mrefu. Jike alifungua kinywa tena, vitoto vikatoka, vikarudi.

"Kumbe Mama Tabu alisema kweli," alinong'ona. Kisha akakunja uso. "Lakini binti yake aliingia humu. Wewe ulimwona."

Hapo mlango wa kujificha ulikuwa wazi. Demetria alitikisa kichwa. "Sikumwona, baba. Alikuwa mlangoni. Nilisema uongo."

Baba yake aliweka wembe chini. "Twende."

"Naogopa, baba. Watu ni wengi."

"Wakati wa kusema uongo hawakuwa wachache. Twende, nami nina langu la kusema."

Alitoka hivyo hivyo, povu la sabuni likiwa bado kwenye shavu moja. Tabu alikuwa ameshapanda juu ya lori, amekaa juu ya gunia, macho mekundu.

"Bwana Fakihi, shikamoo," alisema Demetria. "Tabu hakuingia chumbani kwetu. Nilisema nimemwona, na sikumwona. Mayai yalikuwa kinywani mwa perege, kama alivyosema Bi Somoe."

Majirani walinung'unika. Mmoja akasema, "Mtoto mbaya huyu."

"Wiki mbili!" Bi Somoe alilia. "Wiki mbili mwanangu analala na machozi!"

"Na mimi nilikucheka, mama," alisema Bwana Theonest. "Nilidhani kusoma kwangu kunatosha hata kwa samaki wa mtoni kwenu. Nisamehe."

Bwana Fakihi alimtazama binti yake. "Uliniapia, nami sikukusikiliza. Teremka, mwanangu."

Bi Somoe alimshika Demetria bega, akamgeuza watazamane. "Sikiliza, we mtoto. Kugombana na mwanangu ungeweza; watoto hugombana wakakua. Lakini ulisema umeona, na hukuona. Neno hilo ni zito. Mtu hupelekwa mbali kwa neno hilo, hata jela hupelekwa. Ukiwa hujui, sema hujui, halafu uliza. Ungeuliza siku ile, ningekuonyesha mwenyewe mayai yalipo, hata kama tumegombana."

"Nimesikia, Bi Somoe. Nisamehe."

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Kukupenda, bado."

Sanduku la Tabu liliteremshwa. Demetria alilishika upande mmoja ili amsaidie kulibeba.

"Achia," alisema Tabu.

Demetria aliachia. Tabu alijitwika sanduku lake peke yake, akaingia ndani bila kugeuka nyuma. Jumatatu asubuhi alikwenda shule.